Shati Lisilo na Kikaratasi

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu mimi siku ile ilikuwa na urefu wa vituo vinne vya treni.

“Nakwenda mji mkongwe kutafuta vitambaa, Mama,” nilimwambia mama mkwe wangu asubuhi, huku nimempa mgongo ili asinione uso. “Nitarudi na treni ya saa kumi.”

Mama alikuwa ameketi penye dirisha la duka letu la ushonaji, miwani puani, anatia vifungo kwenye sare ya shule ya mtoto wa jirani. Hakuinua kichwa.

“Vitambaa,” alisema. “Haya. Utazame na nyuzi nyeusi, zimebaki mbili.”

Basi. Hakuuliza na nani, wala mbona nimevaa gauni la kijani ambalo halivaliwi na mtu anayekwenda kugombana na wauza vitambaa. Nikatoka haraka kabla hajabadili mawazo. Ndani ya mkoba wangu, chini ya mtandio, mlikuwa na shati la kiume la rangi ya maziwa.

Nikueleze kuhusu hilo shati. Dukani kwetu mimi ndiye ninayekata na kushona, na Mama ndiye mwenye vifungo na matundu yake, kwa mkono, maana mashine ya matundu aliitukana siku ya kwanza na hajawahi kuiomba radhi. Kila nguo inayopita mikononi mwetu hubanwa kikaratasi kwenye ukosi kwa pini: jina la mwenyewe, siku ya kuchukua, na vipimo. Hata tukishona shuka, lina kikaratasi. Lakini hili shati nililikata siku Mama alipokwenda kliniki, nikalishona siku ile ile, kisha nikalichomeka katikati ya nguo zake za kutiwa vifungo bila kikaratasi chochote. Kesho yake nililikuta kwenye kiti changu, vifungo saba vimetulia, limepigwa pasi, limekunjwa. Hakusema neno. Nikajisemea, uzee umeanza kumpokonya macho. Nikajipongeza, mimi mjinga.

Mwanawe ndiye aliyekuwa mume wangu. Ana miaka mitano kaburini. Alipokufa, watu waliniuliza lini narudi kwetu, nikawaambia hapa ndipo kwetu. Mama alikuwa na mtoto mmoja tu, na mimi nilikuwa na Mama. Wamekuja wachumba wawili tangu hapo. Wote wawili Mama aliwakaribisha vizuri, akawapa chai, kisha akawaelekeza macho kwenye picha ukutani, akasema kwa upole, “Nyumba hii ina mwanamume wake.” Hawakurudi, na mimi sikuwahi kuwalilia.

Huyu wa tatu ndiye niliyekuwa namlilia.

Tulimwita Chokaa, kwa sababu kazi yake ni kukarabati kuta za kale kwa chokaa, na kwa sababu hata akioga vipi, kucha zake hazikubali kutakata. Miezi saba nyuma aliletwa na suruali iliyochanika gotini. Mimi sifa yangu ni viraka visivyoonekana. Nikikuzibia nguo, hata wewe mwenyewe utaitafuta kasoro ukate tamaa. Alipokuja kuichukua aliigeuza, akaisogeza kwenye mwanga, akakunja uso.

“Kiraka kiko wapi?”

“Hapo hapo.”

“Sikioni.”

“Ndiyo maana yake.”

“Fundi, umeniibia. Nimevaa tundu hili miezi miwili, leo unaniambia halijawahi kuwepo?”

Nilicheka mpaka Mama akaniangalia juu ya miwani. Nadhani hapo ndipo nilipokwisha.

Alikuwa ananisubiri nje ya kituo, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

“Umekuja,” alisema.

“Nilikwambia nakuja.”

“Uliniambia hivyo mara tatu nyingine, Fundi mwenzangu.”

Kweli. Mara tatu nilimwahidi, mara tatu nikaishia mlangoni kwetu, Mama akiniuliza jambo dogo tu, chumvi iko wapi, nikavua viatu. Safari hii nilikuja kwa sababu hapakuwa na mara ya tano. Kazi yake katika mji mkongwe ilikuwa imekwisha, na Jumatatu alikuwa anakwenda kukarabati ngome katika mji mwingine, mwendo wa siku mbili, kazi ya miaka miwili. Siku ile ilikuwa Jumamosi.

Nikampa shati pale pale, kabla moyo haujanigeuka. Alilishika kwa ncha za vidole.

“Langu?”

“La nani tena?”

Aliingia kwenye kibanda cha mlinzi wa lango la mji, rafiki yake, akatoka amelivaa. Nikaona aibu iliyonishika mpaka masikioni. Mikono ilikuwa mifupi, imeishia juu ya vifundo vyake. Tumboni palikuwa na nafasi ya kuhifadhi mkate. Mimi, fundi wa miaka kumi na tano, ninayeweza kukukadiria kiuno ukiwa ng'ambo ya barabara!

“Nililikata kwa macho tu,” nikasema. “Sikukupima.”

“Halina neno,” alijibu, akakunja mikono hadi kwenye viwiko. “Nani alishaona mwashi ameshusha mikono ya shati? Twende.”

Tukapita langoni. Nilikuwa nimeufikia mji ule mara nyingi, lakini siku zote nilitazama chini, kwenye vitambaa. Yeye alinifundisha kutazama juu. Alinionyesha mbao za madari zilizochongwa maua, na kisima ambacho kamba za watu waliokwisha kufa zimekata mifereji kwenye mdomo wa jiwe. Alitia kidole chake kwenye mfereji mmoja, akanisogezea nafasi nami nitie changu kwenye wa pembeni. Vidole vyetu havikugusana. Vilikuwa karibu kiasi cha uzi kupita, na mimi nilijua, kwa sababu niliupima ule upana kwa roho yangu yote.

Kwenye ukuta mkubwa tulikuta kundi la watalii na kiongozi wao, bwana mwenye kofia na sauti ya mnada.

“Ukuta huu,” alikuwa anasema, “haujaguswa na mkono wa mwanadamu kwa miaka mia nne!”

Chokaa akaniinamia sikioni. “Kipande kile pale nilikigusa mwezi wa tatu. Kilikuwa kimelala barabarani.”

“Kipi?”

“Kile kilichoingia ndani kidogo. Angalia vizuri.”

Niliangalia. Kweli, mawe ya sehemu ile yalikuwa yamekaa nyuma kwa upana wa kidole, na rangi yake ilikuwa nyeupe zaidi.

“Kwa nini hukuyasawazisha? Umekosea?”

“Tumekatazwa. Jiwe jipya halijifanyi la zamani. Mtu akija na mwanga wake aone, hapa palianguka, hapa pakatiwa kitu kingine, na ukuta umesimama. Ukificha, umeudanganya ukuta.”

“Mimi ningepaziba usipaone.”

“Najua,” alisema. “Ndiyo sababu nakuogopa.”

Alisema kwa kucheka, nami nikacheka, tukaendelea.

Vichochoro vya ndani vilikuwa vyembamba, havipitishi watu wawili sambamba. Alitangulia, nikamfuata. Na pale, nikiwa nyuma yake, ilinijia raha ambayo sikuijua tangu lini. Nilijihisi niko nyumbani. Nilimtazama mgongo ule ukienda mbele yangu kwenye kivuli, nikasema moyoni, ningeweza kufuata mgongo huu mpaka mwisho wa dunia wala nisiulize tunakwenda wapi. Niliuona kama mgongo niliouzoea maisha yangu yote. Nikadhani ndiyo mapenzi.

Tulipanda mnara wa saa, ngazi tisini na mbili, mimi nikihema, yeye akinidhihaki. Juu kulikuwa na upepo na hakukuwa na mtu. Mapaa yote ya mji yalikuwa chini yetu. Akaegemea ukuta, akaacha kudhihaki.

“Kesho nije kwa Mama,” alisema.

Nikageukia mapaa.

“Siji kwa vita. Nitakuja na dada yangu mkubwa, tutakaa, tutasema tulilonalo. Akinionyesha ile picha, nitaisalimu. Lakini nataka nije nikiwa nimealikwa na wewe. Sitaki kupenya kama mwizi.”

“Unanibana.”

“Jumatatu inanibana mimi. Ukisema nisije, nitakwenda zangu, na sitakuandikia, kwa sababu sina moyo wa kukupenda kwa barua miaka miwili.” Alinitazama kwa macho yaliyonifanya nishike kingo ya ukuta. “Nakupenda, Fundi. Nimekuwa nikichana nguo zangu mwenyewe ili nije dukani. Lile tundu la koti ulidhani ni nini, panya?”

“Nilidhani panya.”

“Basi panya ndiye huyu.”

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Mikono yake ilikuwa pale juu ya jiwe, wazi hadi viwikoni, na mimi nilikuwa na kiu nayo kama mtu aliyekula chumvi. Nikasema jibu la mwoga.

“Nitakujibu tukishakula.”

Alinipeleka kwenye mkahawa ulio juu ya paa, meza sita, vitambaa vyeupe. Alikuwa ameiagiza meza ya pembeni wiki nzima kabla. Mhudumu alimkaribisha kwa tabasamu la mtu aliyekwisha kusimuliwa. Wakaleta samaki wa kuokwa, wali, saladi, maji yenye vipande vya limau. Chokaa akainuka kwenda kunawa.

Jua la saa saba lilikuwa utosini. Alipita katikati ya meza akinipa mgongo, na safari hii hakukuwa na kivuli. Nikaona mkunjo. Begani, upande wa kushoto, kitambaa kilikuwa kimefanya mkunjo mdogo wa mshazari, kama kinatafuta mtu ambaye hayupo.

Mkunjo ule hautokei hivi hivi. Hutokea pale shati lililokatwa kwa bega lililoshuka linapovaliwa na mtu mwenye mabega sawa. Na mimi maishani mwangu nimemkatia shati mwanamume mmoja tu mwenye bega la kushoto lililoshuka nusu inchi. Mikono mifupi. Tumbo la kuhifadhi mkate. Sikukosea hata kidogo. Nilikuwa nimempatia barabara mtu wangu, ila mtu mwenyewe yuko kaburini.

Chokaa aliporudi nilikuwa nimeshika uma bila kuutumia.

“Huli.”

“Nimeshiba.”

“Kwa kumtazama samaki?”

“Vua hilo shati.”

Akacheka. “Mbele ya watu? Subiri kwanza Mama anipokee.” Kisha akaniona machozi. “Kuna nini?”

“Si lako. Nisamehe. Nilidhani nakukata wewe. Sikushika futi ya kupimia, niliuachia mkono, nao ukaenda unakokujua.”

Hakuelewa mara moja. Alitazama mikono ya shati aliyoikunja, akatazama tumboni. Mwisho akapeleka vidole begani, akaupapasa ule mkunjo taratibu, vile vile anavyopapasa kuta zake.

“Bega lake lilishuka hapa?”

“Alizaliwa nalo.”

“Kiasi gani?”

“Nusu inchi.”

Mhudumu alikaribia, akatuona, akageuza njia.

“Kwa nini hukunipima?” aliuliza hatimaye. Sauti yake haikuwa na ugomvi, na hiyo iliniumiza zaidi. “Miezi saba. Wewe unapima watu hata kwenye mazishi, uliniambia mwenyewe.”

“Kukupima kifua lazima nikuzungushie mikono.”

“Ndiyo.”

“Basi. Nikikuzungushia mikono sitaiondoa.”

Alifumba macho kidogo, kama aliyepigwa na jua.

“Sikiliza,” alisema. “Sina wivu na marehemu. Mtu aliyependwa hivi, mpaka mikono inamkumbuka, alikuwa mtu wa maana. Mwache akae pale alipo. Lakini mimi usinitie kwenye pengo lake kama kile kiraka cha goti, mtu asijue palichanika wapi. Nitakaa ndani kidogo. Nitakuwa na rangi nyingine. Mikono yangu mirefu, mabega yangu sawa. Nionekane. Hilo tu.”

“Na Mama? Alizaa mmoja, akamzika. Aliyebaki ni mimi. Nikimwambia kuna mwanamume, nitakuwa nimemzikia mwanawe mara ya pili.”

“Na usipomwambia?”

Samaki alipoa.

“Tumeshakula,” alisema polepole. “Kesho nije?”

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Nilimwona Mama dirishani na miwani yake, nikaufunga.

Kituoni aliingia chooni na shati lake la asubuhi, alilolichukua kwa mlinzi, akatoka amelivaa. Lile la rangi ya maziwa alikuwa amelikunja vizuri kuliko wanavyokunja wanaume.

“Silichukui,” alisema. “Sijakasirika.”

“Nitalirekebisha. Nitashusha mikono, nitapunguza…”

“Usiliguse. Shati halina kosa. Kosa lilikuwa mimi kulivaa.”

Treni ikaja. Hakunishika mkono, nami sikumshika. Nilikaa dirishani, naye akasimama pale chini, mikono imening'inia. Treni ilipoanza kujivuta, nilifanya jambo ambalo miezi saba nililikwepa. Nilimpima. Nilianza mabegani, sawa kwa sawa. Nikashuka mkono, inchi ishirini na sita, labda na robo. Kifua chembamba. Shingo. Nilimpima kwa pupa, nikirudia, mpaka akawa mdogo wa kuenea kwenye tundu la sindano, na kituo kikakata kona. Nililia vituo vinne vyote. Mzee aliyekaa mbele yangu alinipa gazeti lake nijifunike.

Nilipofika nyumbani jua lilikuwa bado lipo kwenye kizingiti. Mama alikuwa palepale dirishani.

“Nyuzi nyeusi?” aliuliza.

Nilikuwa nimesahau nyuzi. Nilikuwa nimesahau hata kununua kipande cha kitambaa cha kusindikizia uongo wangu. Nikasimama katikati ya duka na mkoba wangu, nikajua kwamba ningeweza kusema maduka yalifungwa, na Mama angeitikia haya, na Jumatatu ingepita, na pasingeonekana kitu. Nina sifa hiyo. Nikatoa shati mkobani, nikaliweka kwenye meza ya kukatia.

“Mama, sikwenda kutafuta vitambaa.”

“Najua.” Alikata uzi kwa meno. “Lilimkaa?”

Nikashika meza.

“Mwenye macho haambiwi tazama, mwanangu. Nguo bila kikaratasi, dukani kwangu? Nilikaa nalo mapajani saa nzima kabla ya kutia kifungo cha kwanza. Nikasema, hii nguo ya nani?” Aliinuka kwa shida, akaja mezani, akaweka kiganja juu ya bega la kushoto la lile shati. “Kisha nikaona hapa. Bega hili nimelizaa mimi. Mkunga ndiye aliyelivuta.”

“Mama, nisamehe.”

“Lilimkaa?”

“Halikumkaa. Mikono mifupi. Amelirudisha.”

“Amelirudisha,” alirudia, akatikisa kichwa taratibu, kama aliyesikia habari ya mtu mwenye adabu. “Ni yule wa chokaa? Mwenye nguo zinazochanika kila wiki?”

“Ndiye.”

“Hakuna panya anayekata kwa mstari ulionyooka vile. Nilikuwa nakusubiri useme. Siku nyingine nikiomba usiseme, sitakuficha. Nikasema, akikaa kimya na mimi nitakaa kimya, tuzeeke pamoja. Hiyo ilikuwa tamaa yangu.” Akakaza midomo. “Mwambie aje.”

“Alitaka kuja kesho.”

“Basi kesho. Na umpime, tena umpime mbele yangu, kwa futi. Mtoto wa watu asitembee na nguo za mwanangu.” Alilichukua lile shati, akalikumbatia kifuani, vifungo vyake saba vimetazama ndani. “Hili niachie mimi.”

Akageuka kwenda chumbani kwake. Mlangoni akasimama, akarudi hadi kwenye meza, akafungua mkebe wa pini, akatoa kikaratasi kipya. Akakiweka mbele yangu na penseli juu yake.

“Andika jina lake,” alisema. “Vipimo utajaza kesho.”